Makochi ya Jirani

Shangazi yangu ana karakana ya kutengeneza viti vya magurudumu, na hasira zake haziko mbali. Wafadhili waliposema wanakuja kutukagua, alipaka ukuta rangi, akaficha vyuma chakavu uani, akaazima makochi kwa jirani. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. Wageni walisifu, wakaondoka. Jibu likaja: nyinyi mnajiweza, tutawasaidia wenye shida.

"Yaani usafi umetuponza!" alifoka.

Mwaka uliofuata wafadhili waliporudi, aliwakalisha kwenye ndoo. Tukapata fedha, pamoja na posho ya mwanafunzi mmoja wa kujifunza kazi, sharti atoke familia isiyo na uwezo.

Siku ya usaili aliingia binti mwenye shati lililopigwa pasi na viatu vinavyong'aa. Mweka hazina wetu akaninong'oneza, "Huyu ana shida gani?"

Shangazi alikuwa anatazama miguu. Kila binti alipopiga hatua, kisigino kilichomoka kwenye kiatu.

"Viatu vya nani hivyo, mwanangu?"

Binti akainama. "Vya jirani."



"Mrudishie leo hii," Shangazi akasema. "Kesho uje kazini na ndala zako."