Ukurasa wa Pili wa Barua ya Masanja

Bahasha ilinuka ugali uliochacha. Ndicho ninachokikumbuka kwanza kuhusu msimu ule wa katikati ya miaka ya tisini pale kijijini Mamba, mpunga ukikatwa na vumbi la makapi likituwasha shingoni. Baba mdogo Masanja, mwanajeshi, alikuwa amepelekwa Liberia kulinda amani, ingawa barua zake hazikuwa na amani hata chembe. Zilifika Mpanda kwa treni, zikaja kwa lori kupitia Sitalike hadi kwa mwenye duka kijijini kwetu. Baba alizichukua huko, na jioni mimi, binti wa darasa la sita, niliwasomea bibi na mama mdogo Kabula, mke wa Masanja. Baba alijua kusoma, ila bibi alisema husoma kama anayegombana na mtu.

Masanja aliandika upande mmoja tu wa karatasi na kila ukurasa aliupa namba. Jioni ile nilikuta ukurasa wa kwanza na wa tatu. Wa kwanza uliishia njiani: “Kuhusu mke wangu Kabula, nisiporudi, naomba kaka…” Wote walikuwa wananitazama mdomoni. Niliogopa, nikaongeza neno langu, “amtunze”, kisha nikarukia habari za ng'ombe na salamu za majirani. Baba alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

“Mbona leo barua inachechemea?” bibi akauliza.

“Ni yule mwenye duka,” baba akadakia. “Anazifungua, anawasomea watu barazani kwake. Nyie hamuoni bahasha ilivyogandishwa?”

Tangu siku hiyo bibi hakununua tena hata chumvi kwenye duka lile. Mimi sikutulia. Mwenye duka aliuza gundi ya chupa, wanafunzi wote tulinunua kwake. Mtu mwenye gundi afunge bahasha kwa ugali? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nikaanza kumchunguza baba kila asubuhi akinawa uso. Mara nyingi nilikuta naye ananichunguza.

Siku moja nilitumwa kuchota mahindi kwenye kihenge, ghala letu la fito lililoezekwa nyasi. Mkono ukagusa mfuko wa plastiki uliochomekwa chini ya paa. Ndani kulikuwa na ukurasa wa pili. Baba hakuwa ameuchoma. Nadhani aliogopa kuunguza mwandiko wa ndugu yake angali vitani, maana alimpenda, hilo sina shaka nalo. Niliusoma mara moja, nikaurudisha palepale. Nilimwogopa baba, na nilijionea aibu mimi pia, kwa kuwa neno nililolibuni lilimfaa yeye kuliko mtu yeyote.

Kabla ya mvua wakaja wanajeshi wawili kutuambia kwamba Masanja hatarudi. Tulilia hadi sauti zikakauka. Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo wakakaa uani kuzungumzia mjane, kwani kwa mila yetu ya wakati ule kaka wa marehemu ndiye aliyemrithi mke. Mzee mmoja akauliza kama marehemu aliacha neno.

“Aliacha,” baba akasema. “Mama mwenyewe aliisikia barua. Alisema nimtunze. Si ameisoma huyu hapa?”

Nyuso zote zikanigeukia. Kabula alikuwa ameinamisha kichwa, akikwangua kwa ukucha ngozi ya ng'ombe aliyokalia. Hakuna aliyemwuliza kitu. Niliondoka bila kuaga, nikapanda kihenge, nikarudi na ule mfuko. Nikautoa ukurasa wa pili.

“Lile neno niliongeza mimi,” nikasema. “Barua inasema hivi: ‘Naomba kaka asimrithi. Kabula aachwe achague mwenyewe. Mama, nisimamie hili.’”

Bibi akaichukua karatasi, akaikunja, akaifungia kwenye pindo la khanga yake.

“Sasa inatembea vizuri,” akasema. “Na mimi nasimama.”

Kabula aliolewa baadaye na mwanamume aliyemtaka, wakahamia Magamba, na hadi leo wanalima huko. Baba hakunipiga. Hakusema nami tu, mpaka mpunga mwingine ulipoiva, na kimya kile kiliniuma kuliko fimbo.

Leo watoto wangu hawajui bahasha ina harufu gani. Habari huingia kwenye simu ya mtu moja kwa moja, haipiti dukani wala mikononi mwa ndugu. Ila macho ya baba yameingia ukungu, hivyo kwake bado napita mimi. Kila nikimsomea ujumbe, na mara nyingi ni salamu za Kabula, ambaye hajaacha kumwita shemeji, baba huinamisha sikio na kuuliza, “Ndo yote? Hujaruka? Hujaongeza?” Namjibu nimesoma yote. Hupapasa kioo cha simu kwa kidole gumba kana kwamba anatafuta namba ya ukurasa, halafu hunirudishia. Simu haina kurasa za kuhesabu. Inambidi aniamini, na naona wazi kwamba bado hajaweza.