Kwaya Yetu Imemwanika Mama Yangu Mzazi

Admin, Bwana asifiwe. Jina langu lifiche, na kijiji usikitaje, ukisema milimani huku Same inatosha, maana tunafahamiana. Nina miaka arobaini na tisa, niliishia darasa la saba, mkikuta nimekosea kuandika mnisamehe. Nina hasira. Nimeiombea iondoke, haiondoki.

Naishi na mume wangu pamoja na mama yangu mzazi. Mama alipooza upande mmoja, ndipo nikamtoa kwake Kwakoa nikamleta huku kwangu. Huku ni baridi, maji ya moto yanapoa hujamaliza hata mgongo. Kwa hiyo huwa nangoja mume wangu aende shambani kwenye tangawizi, jua likishapanda namtoa mama nyuma ya nyumba, namkalisha kwenye kigoda ndani ya beseni kubwa, namwogesha juani. Tumezungushia mabati pande zote. Mpita njia haoni kitu. Juu hatukuziba, nani angefikiria kuziba juu? Miaka yote juu yetu alikuwa Mungu peke yake.

Mwezi uliopita kwaya yetu ilirekodi video. Mimi naimba sauti ya pili, lakini siku ile nilichelewa kwa sababu nilimwogesha mama kwanza. Nikasikia mvumo kama wa nyuki. Kuangalia juu, droni. Nilijua ni ya yule mpiga video tuliyemkodi kutoka Same mjini, na kanisa liko ng'ambo ya bonde, nikadhani inapita tu kuwafuata wenzangu. Jamani, nikaipungia mkono! Na dodoki mkononi, nacheka. Mama akauliza, "Kitu gani hicho?" Nikamwambia, "Ni wanakwaya wetu mama, wanatusalimia."

Siku ya uzinduzi wakatundika shuka jeupe kanisani, wakawasha projekta. Ubeti wa pili ikaonekana milima, yakaja mashamba, halafu yakaja mabati ya kwangu. Mimi huyo nacheka, napunga mkono. Na mama yangu, miaka themanini na ushee, uchi kama alivyozaliwa, mbele ya usharika mzima. Kuna waliocheka, nawajua. Mume wangu ni mzee wa kanisa, alikuwa benchi la mbele. Aliinama, akajifunika uso kwa kofia, akatoka nje.

Kwa msiojua, kwetu mama mkwe si mtu wa kuchezea. Tangu anioe, mume wangu hajawahi kukalia kiti alichokalia mama. Kila asubuhi alikuwa anasimama nje ya chumba chake, "Shikamoo mama." Naye anaitika, "Marahaba mkwe wangu, umeamkaje?" Tangu siku ile hasimami pale. Anatokea mlango wa jikoni kama mgeni. Nilipomuuliza alisema, "Mke wangu, nitamsalimia kwa uso upi? Nimeona nisichopaswa kuona." Huyo simlaumu hata kidogo.

Nilimfuata mpiga video. Akaniambia, "Mama, ni sekunde nne tu, na sura yake haionekani vizuri."

Nikamwambia, "Mkwe wake kamjua, kanisa zima limemjua, wewe tu ndiye humjui?"

"Lakini mama, si wewe mwenyewe ulipunga mkono? Asiyetaka kurekodiwa hapungi." Akacheka. Mbele yangu!

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kwaya, mwanamke mwenzangu, tumepata kipaimara siku moja. Akasema, "Dada, wimbo umeshapokelewa huko mtandaoni, tukiuondoa tunaanza upya. Hii ni kazi ya Bwana. Na ninyi mngeezeka hilo bafu yasingetokea haya."

Yaani kosa ni la bafu! Nikamuuliza, "Angekuwa mama yako ungemwacha humo?" Akaanza kukunja sare za kwaya, nikajua nimeshafukuzwa. Bwana gani huyo anayetukuzwa kwa uchi wa mjane aliyepooza? Kama nakufuru, Mungu anisamehe, lakini wao ndio wamenifikisha hapa.

Sasa juzi namlisha mama, naye hajui lolote kuhusu hiyo video, akashika mkono wangu, chakula kikamwagika. "Mwanangu, mkwe wangu amenichoka, eeh?" Nikasema hapana mama, ana kazi nyingi. "Usinidanganye. Mtu akikunyima salamu amekufukuza. Mpigie kaka yako aje anichukue, nirudi kwangu."

Huko kwake hakuna wa kumgeuza kitandani. Kaka yangu anachunga, anashinda malishoni mpaka jioni. Lakini mama aling'ang'ania, akagoma kula, ikabidi nipige simu. Kaka anakuja Jumamosi.

Ndugu zangu, mama yangu ni mtu ambaye hata akiwa peke yake chumbani hajifungui khanga. Nikimwambia watu wameonyeshwa uchi wake, naogopa itamuua. Nikinyamaza, anaenda kulala na vidonda huko, akiamini mkwe wake amemtupa, na mkwe wake hana kosa. Mnaojua sheria, nielekezeni nianzie wapi ili ile video itoke, hata kwaya wakinitenga potelea mbali. Ila Jumamosi haingojei sheria. Nimwambie mama, au nimwache aende? Na kama ni kumwambia, nianze na neno gani? Nisaidieni, mimi kila nikifungua mdomo nalia.