Kaka Alipoanguka Redioni

Juzi hapa kijijini Ulemo niliona bibi mmoja ameanika betri za redio juu ya bati, nikasimama njiani nisiweze kuendelea.

Nilipokuwa mtoto, kaka yangu Elia alichezea timu kubwa ya Dar es Salaam. Nchi nzima ilimjua, na sisi nyumbani tulimfuata redioni. Alasiri moja ua wetu ulinuka vumbi na alizeti iliyotoka kupigwa. Mtangazaji akapaza sauti: Elia ameanguka, ameshika goti, hainuki.

"Anajiangusha tu huyo, mama Elia," akacheka jirani yetu, mzee Shabani. "Anatafuta penalti."

Mama hakucheka. Redio ikafifia, ikanyamaza. Zilikuwa betri za kutoka nje, zile zilizojaa madukani siku hizo na kuisha upesi.

"Anika, mwanangu! Anika haraka!" mama akanihimiza.

Nilizipanga juani. Niliamini kwamba redio ikinyamaza mpira nao unasimama, na kaka atabaki chini mpaka iseme tena. Nikaona jua linachelewa, nikazibana kwapani, nikazipulizia pumzi huku nikilia.

Zilipopata nguvu, mpira ulikuwa umekwisha. Yalisomwa matangazo ya vifo. Mama aliinamia redio, akisubiri kila jina lipite.

Leo najua kaka alikuwa hai hospitalini, na kwamba goti lile halikumrudisha uwanjani tena. Siku ile sikujua. Nilishika kanga ya mama, nikasema, "Mama, nisamehe. Nimechelewa kumwinua."