Kompyuta ya Matangazo ya Misiba

Pale Negotin, mji mdogo wa Serbia, mtu hajafa mpaka Vidosava amchape. Ndivyo watu wanavyotania, na mwenyewe hucheka, maana ni kweli. Picha ya marehemu huwekwa kwenye karatasi yenye ukingo mweusi, chini yake jina, saa ya mazishi na waliobaki kulia. Kisha karatasi hubandikwa getini kwake, kwenye nguzo za umeme, sokoni na kituo cha basi. Asiyebandikwa anazikwa na padri na wachimba kaburi, basi.

Kazi hiyo aliianza mumewe Budimir, kwa kompyuta aliyoiunga mwenyewe kutokana na vipande vya nyingine zilizotupwa. Nimonia ilipomchukua, Vidosava, ambaye kiwanda cha nguo alichofanyia kazi kilikuwa kimeshafungwa, akakikalia kiti cha marehemu na kujifunza kuchapa kwa kidole kimoja huku akilia. Angefanyaje? Akajifunza na kuifungua, maana kitu kizee hakikosi kuugua. Aliiongezea memori. Aliing'oa diski ya zamani iliyokuwa ikikoroma, akatia hizi za kisasa zisizozunguka. Vumbi alilipuliza kwa pampu ya baiskeli. Kwa miaka mingi ikamtii.

Tangu vuli hii kuanza, imeingiwa na visirani. Inawaka vizuri, feni zinavuma, halafu katikati ya neno, pu! Skrini nyeusi. Amebadilisha pawa saplai, amepaka upya ile dawa nyeupe ya kupozea, wapi! Fundi wa simu karibu na stendi aliitazama akacheka mpaka akakohoa. "Mama Vida, hii imeshakufa. Ichapie tangazo na yenyewe!" Vidosava hakucheka. Programu ya Budimir, yenye misalaba ya kila namna, na nyota kwa wazee wa chama cha kikomunisti wasiotaka msalaba, haikubali kukaa kwenye kompyuta nyingine. Na juzijuzi tangazo la mzee mmoja lilichelewa. Watu walifika makaburini na maua yao, wakakuta udongo umeshasawazishwa. Tangu siku hiyo muuza mikate anamsalimia bila kumtazama usoni.

Basi siku ya soko asubuhi akaja Zagorka, jirani wa mtaa wa nyuma, koti lake limefungwa vifungo upogoupogo. Kaka yake, Tihomir, alikuwa amefariki.

"Tunamzika kesho mchana," alisema, amesimama tu. "Vida, mwenzangu, unamjua Tihomir. Nusu ya mji aligombana nayo, na nusu iliyobaki imemsahau. Hana mke, hana mtoto. Karatasi zisipofika sokoni kabla watu hawajatawanyika, nitalifuata jeneza peke yangu kama kichaa."

"Zitafika," Vidosava akamwambia.

Karibu na jiko la kuni alikaa Stanojka, mama mkwe wake, themanini na ushee, anafuma. Tangu Budimir afe wamebaki wawili humo ndani, na si kwamba wanaelewana sana. Bibi hataki dirisha wazi, hataki mlango wazi, na kompyuta ndiyo hataki kabisa. Kasha lake limekaa gizani chini ya meza, mgongo umeelekea kitini, kwa sababu waya za Budimir ni fupi. "Inapuliza," bibi hulalamika. "Kutwa inapuliza." Vidosava humjibu kwamba ni feni, kazi yake kupuliza, na maongezi yanaishia hapo.

Vidosava akawasha. Akaingiza picha ya Tihomir, kofia upande, kanuna hata mbele ya mpiga picha. Akaandika jina, akahifadhi. Akaandika siku, akahifadhi. Pu!

"Imekuwaje?" Zagorka akauliza.

"Inapumzika kidogo. Nikuchemshie kahawa."

Akachemsha kahawa, akaimwaga nusu kwenye kisosi. Akawasha tena. Akafika kwenye saa ya mazishi, pu! Nje sauti za wachuuzi zilikuwa zikisikika bado, lakini si kwa muda mrefu; adhuhuri wanafunga mizigo.

"Vida, niambie ukweli. Niende nikaandike kwa mkono?"

"Nimesema kaa!" Ilimtoka kwa ukali hata yeye akajishtukia. Aliogopa. Aliogopa kwa ajili ya Tihomir, na aliogopa kwa ajili yake mwenyewe, kwani akimharibia na huyu, nani atakuja tena?

Siku nyingine angekwenda stoo kutafuta bisibisi. Leo ilikuwa mfukoni mwa aproni. Akapiga magoti hapo hapo, akapenyeza mkono nyuma ya kasha achomoe waya, na mkono ukagusa kitu laini, cha moto. Akavuta. Soksi! Soksi nene ya sufu, imeshindiliwa kwenye matundu ya feni. Chini yake nyingine.

Stanojka alikuwa ameacha kufuma.

"Mama, hii nini?"

"Soksi."

"Naona ni soksi! Inafanya nini humu?"

"Inazuia promaja."

Kwetu hakuna asiyeiogopa promaja, ule upepo wa kupenya unaoingia dirishani na kutokea mlangoni ukikuachia mgongo mbovu. Daktari mwenyewe hufunga dirisha la basi katikati ya kiangazi. Lakini ya kompyuta, jamani! Kumbe kila Vidosava alipokwenda stoo, bibi alizichomoa soksi zake, na kasha likishafungwa, alizirudisha.

"Vuli nzima nahangaika, nanunua vyuma, mji mzima unanisema, kumbe ni wewe! Hivi unanichukia kiasi hicho?"

Zagorka akainamia kikombe chake.

"Inakupiga kwenye figo," Stanojka akasema polepole. "Kutwa umeipa kiuno. Budimir nilimwambia hivi hivi, akanicheka. Pale kitini nimeshamtoa mmoja kwa kubebwa."

Daktari alisema ni sigara zilizomharibu mapafu. Jibu hilo lilikuwa ulimini mwa Vidosava, akalimeza. Miaka yote alidhani bibi ana kinyongo naye kwa kukalia kiti cha mwanawe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka," Vidosava akakiri.

"Tihomir wangu jamani," Zagorka akanong'ona.

Wakaiacha ipoe. Vidosava akawasha, akaandika mpaka mwisho, na haikuzima. Printa ikaguna, karatasi zikaanza kutoka, kila moja na Tihomir aliyenuna. Zagorka akazikumbatia ndani ya koti, akatoka mbio kuelekea sokoni, kahawa kaiacha.

Wakabaki wawili. Kwa mara ya kwanza Vidosava aliusikia ule upepo kiunoni, wa vuguvugu.

"Mama, mimi siwezi kufa kwa feni."

"Wewe hujui," Stanojka akamjibu. "Na ukifa wewe, mimi nani ataniandika?"

Vidosava akapiga magoti, akalisukuma kasha mpaka waya zikaanza kukaza, mgongo ukageuka kidogo kuelekea dirishani. "Njoo upime."

Bibi akajikongoja, akaweka kiganja juu ya kiti, usawa wa kiuno, akatulia kama anayepima homa ya mtoto.

"Bado unafika," akasema.

Vidosava akasukuma tena.