Fyuzi ya Waya wa Shaba

Walimwita Kiberiti kwa sababu ya hasira zake, naye jina hakulikataa. Alikuwa fundi wa mashine za hospitali, mwepesi wa mikono, mkali wa mdomo. Asubuhi hiyo muuguzi alimletea mashine ya oksijeni inayonuka moshi. Alipoifungua tu, akang'aka.

"Loo! Aliyefanya hivi ana akili timamu kweli?"

Fyuzi ilikuwa imeng'olewa, pakapachikwa waya wa shaba. Na kile kidude cha kulinda volti zisizidi kilikuwa kimekatwa, imebaki miguu yake miwili. Umeme wa mashine ile hukatwakatwa kwa kasi na swichi ndogo, mpaka volti zishuke kwenye kipimo kinachotakiwa. Swichi ikifa vibaya, inaachia njia, volti zote zinapita kwa mkupuo. Hapo ndipo kidude hujitoa mhanga: kinapiga shoti chenyewe, fyuzi inakatika, mashine inazimika kabla ya kuungua.

Lehemu yenyewe ilikuwa na vinundu. Hakuhitaji kuuliza ni mkono wa nani. Mdogo wake wa kiume alikuwa meza ya pili, anapiga mluzi.

"Wewe! Umekikata wewe hiki?"

"Dada, tulia basi. Fyuzi ilikuwa inakatika kila siku. Nikakitoa, ikatulia."

"Ikatulia! Mashine inakwambia swichi imechoka, wewe unaiziba mdomo?"

"Lakini mgonjwa hakuumia."

"Bahati yako hiyo, si ufundi! Umeharibu nyingine?"

Mdogo wake akakuna shingo. "Moja tu. Ya mama."

Kiberiti alinyakua mfuko wa vifaa akatoka mbio, hata mlango hakufunga. Nyumbani, mama yao alikuwa kitini, mpira wa oksijeni puani, mashine inanguruma kando yake.

"Karibu, mwanangu. Tangu mdogo wako aitengeneze hii, haijazimika hata mara moja. Yule ndiye fundi!"

Kiberiti akagusa kisanduku cha umeme. Kilikuwa cha moto, mkono ukaruka wenyewe. Akafungua mtungi wa oksijeni wa akiba uliokuwa pembeni, akahamishia mpira huko, kisha akachomoa plagi.

"Mbona unaizima?" mama akafoka. "Unamwonea wivu mdogo wako?"

Kiberiti akapiga magoti, akaanza kufungua skrubu.

"Ndiyo, mama," akasema. "Wivu tu. Wewe vuta pumzi."