Lundo la Kokoto Mkesha wa Krismasi

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akisimulia habari ya Krismasi ile, watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Anasema nilitoka Uarabuni na diploma yangu nikaishia kupasua kokoto mbele ya mtaa wetu mzima wa Kiseke. Ni kweli. Nilipasua, mke wangu akapasua, binti zangu wawili wakapasua, na mama yangu aliyepita miaka sabini akatushinda wote. Naandika mwenyewe kwa sababu shemeji huwa anatoa nusu ya habari.

Kwanza mjue anayeandika ni nani. Nina diploma ya ufundi wa majokofu na viyoyozi, na niliipata bila mjomba wa kunishika mkono. Nimefanya kazi Uarabuni miaka tisa, juu ya mapaa ambayo ukivunja yai linaiva. Niliporudi nilijenga nyumba kilimani, juu ya mwamba, mahali ambapo mafundi watatu walikataa wakisema msingi hautashika. Umeshika. Leo mashine ya barafu ikizimika kule mwaloni, wanakoshushia samaki, na sangara wa watu wakaanza kulegea, simu inayoita ni yangu. Nasema haya kwa majivuno na sioni aibu. Asiye na la kujivunia ndiye humwambia mwenzake anyenyekee.

Chini ya ukuta wangu kuna wanawake wanaopasua kokoto. Kuanzia asubuhi unasikia nyundo zao, ko, ko, ko. Mama yangu alikuwa mmoja wao, miaka ya utoto wangu yote, kwenye kilima hichohicho. Nilipomleta akae kwangu nilimwambia aachane na mambo hayo, na wageni wakija asiyataje. Aliinuka akaenda kuchambua mboga. Nilidhani amekubali.

Ile ilikuwa Krismasi yetu ya kwanza ndani ya nyumba mpya, na nilitaka binti zangu wajifunze kutoa. Wamekua wakifungua friji na kukuta kitu. Nikaandaa mifuko kumi, kila mmoja una mchele, sukari, mafuta ya kula na doti ya kanga. Mke wangu akashona mashati mekundu ya familia nzima. Shemeji akapewa kazi ya kupiga video. Tarehe ishirini na tatu asubuhi tukashuka kilimani kwa mstari, mimi mbele.

Wanawake walipokea vizuri, wakatuombea baraka. Nilimwachia mfuko wa mwisho mwanamke mzee kuliko wote, aliyekuwa ameketi pembeni, mkono wa kulia umefungwa kitambaa kutoka kwenye kiganja mpaka karibu na kiwiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Mmeamkaje huko juu?"

"Salama. Tumekuletea sikukuu."

Akautazama mfuko. Akamtazama shemeji aliyekuwa ameinua simu. "Kwangu kuna msiba?"

"Hapana, mama. Ni Krismasi."

"Naona mchele, naona sukari, naona kundi la watu wamevaa sare. Mimi nikiletewa hivyo najua nimefiwa. Sasa niambie upesi, nani amekufa?"

Wenzake wakaangua kicheko. Hata binti yangu mdogo alicheka, nikamkata jicho.

"Mama, pokea tu. Ni zawadi."

"Fundi, ukitaka kunisaidia, tazama pale." Akaonyesha kwa kidevu. Kila mwanamke pale ana sehemu yake kwenye mwamba, na kwenye mwamba kuna mstari wa rangi nyeupe. Lundo likigusa mstari, tipa linalichukua na mwenyewe analipwa papo hapo. Lisipogusa, linaachwa. La kwake lilikuwa limefika nusu. Tipa la mwisho kabla ya sikukuu lilikuwa linakuja kesho yake saa nne. Alikuwa ameteleza juu ya jiwe wiki mbili kabla, kifundo cha mkono kikavimba. Wenzake walikuwa wamekwisha kumwongezea ndoo mojamoja, lakini nao walikuwa wanakimbizana na mistari yao wenyewe.

"Binti yangu amejifungua Ukerewe," akasema. "Wa kwanza huyo. Kesho napanda meli ya mchana nikamwone mjukuu. Nataka kuku, nataka kitambaa cha kumbebea, nataka sabuni. Niende na mfuko wako? Wakwe wakiniuliza, nitasema nimepewa na tajiri wa mlimani?"

"Basi nalinunua lundo lako lilivyo."

"La nini? Nyumba yako imekwisha. Unataka kuninunua mimi, fundi. Lundo ni kisingizio tu."

Nilipanda nyumbani nimekasirika. Nikamkuta mama sebuleni anachambua mchele wa pilau. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, kwamba watu wa nchi hii hawana shukrani, ndiyo maana hatuendelei.

Mama hakuinua kichwa. "Yule mwenye mkono umefungwa ndiye amekataa?"

"Huyohuyo."

"Ulipokuwa darasa la saba nilishikwa na homa ya matumbo. Nililala wiki tatu. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Na lundo langu likafika kwenye mstari. Uliwahi kujiuliza lilifikaje?"

"Sikujiuliza."

"Ungejiuliza wapi, ulikuwa unasoma." Akatupa kijiwe kutoka kwenye ungo. "Wengine waliweka ndoo mojamoja. Yeye aliweka tisa, ana mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye amejifungua sasa Ukerewe. Kwa lundo hilo ulienda sekondari na sare mpya, wewe."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ulisema nisitaje mambo ya kokoto."

Akaendelea kuchambua. "Sijamwambia ahsante mpaka leo. Pale kilimani lundo halishukuriwi. Unangoja mwenzako aanguke, unabeba nyundo."

Sitadanganya kwamba nilifurahi. Miaka yote nimekuwa nikisema nimejitengeneza mwenyewe, kwenye vikao vya harusi nimesema, kanisani nimesema. Nilitoka nje nikalizunguka tangi la maji mara mbili. Kisha nikarudi nikauliza nyundo iko wapi.

Mama aliingia chumbani kwake. Akaitoa chini ya kitanda, imefungwa kwenye kipande cha kitenge kilichopauka. Mimi nilidhani ilitupwa zamani. Mpini wake ulikuwa umelika mahali pa vidole.

"Hii moja ni yangu," akasema. "Nyie mtafute zenu."

Nilitoa nyundo mbili kwenye sanduku langu la kazi, nikaenda dukani nikanunua nyingine mbili. Mke wangu alikuwa jikoni na keki.

"Keshokutwa tuna wageni," akasema, "na wewe unataka tukapasue mawe?"

"Ndiyo."

"Na kucha zangu je?" Akanyoosha mikono yote miwili niione. Alikuwa amezipaka rangi siku hiyohiyo. Akazitazama mwenyewe kidogo, akavua pete akaiweka juu ya kabati. "Haya. Lakini hili shati jekundu sivai tena."

Shemeji alinifuata mpaka getini. "Shemeji, fikiria. Watu watasema umefilisika."

"Wakisema, waambie waje na nyundo."

Mwanamke yule alipotuona tunashuka mara ya pili, bila mifuko na mama yangu akiwa mbele, alisogea akaacha nafasi ya kukaa. Mama akaketi pale kama mtu aliyetoka hapo jana.

Kupasua kokoto si nguvu. Unakata pete ya mpira wa tairi, unalizungushia jiwe ili vipande visiruke, halafu unagonga kwa kupima. Mimi niligonga kama mtu mwenye hasira. Jiwe la kwanza likawa unga. La pili likatoa mapande mawili, nikayaweka kwenye ndoo.

"Hizo ni za msingi wa ghorofa!" akapiga kelele mmoja. "Fundi, kwani unatujengea benki?"

Mwenye lundo alikuwa akipekua ndoo yangu kwa mkono wa kushoto, anayatupa nyuma yake. Nikatoa futi yangu mfukoni nimwonyeshe vipimo.

"Weka futi yako," akasema. "Jicho langu linatosha. Tazama za huyu." Akainua kokoto za binti yangu mkubwa, zote sawa kama gololi. Binti yangu, ambaye nyumbani kuosha vikombe ni ugomvi, alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope na hataki kupumzika.

Mzee mmoja wa kanisa alipita kwenye bodaboda, akamsimamisha dereva.

"Fundi! Kumbe Uarabuni kumekauka?"

"Kumekauka, mzee wangu. Shuka nikupe nyundo."

"Nina mafua!"

"Dawa yake ni vumbi, shuka!"

Bodaboda ikaondoka haraka. Wanawake walicheka mpaka mama yangu akalazimika kuweka nyundo chini. Waliopita baada yake walisimama, wakanong'ona, wengine wakatoa simu. Mimi nilinyoosha mgongo wanipige picha vizuri. Mtu aliyepanda mapaa ya Uarabuni kwenye jua lile hawezi kutishwa na simu za Kiseke.

Jua lilipotua tulikuwa na malengelenge, na lundo lilikuwa chini ya mstari kwa kiasi cha mkono. Siku ya mkesha tulirudi kabla hakujapambazuka vizuri. Saa nne kamili tipa likaja. Vibarua wakapakia malundo ya wengine. Utingo wa tipa akafika kwenye lundo letu, akaweka kiganja kati ya kokoto na rangi nyeupe.

"Hili bado vidole vinne."

"Tupe muda kidogo," nikasema.

Dereva alikuwa amekwisha kuwasha injini. "Nina kilima kingine, kaka. Tutaonana mwaka mpya. Krismasi njema."

Mwenye lundo alitazama upande wa ziwa, upande wa Ukerewe, akaanza kufungua na kufunga kitambaa cha mkono wake. Mimi nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kumtisha dereva, na ninayo mengi, nilipomwona mama yangu anainuka. Akabeba pete yake ya mpira na jiwe, akaenda kuketi mbele ya gurudumu la tipa. Akakunja miguu. Akaanza kugonga.

Dereva akapiga honi. Mama akagonga.

"Bibi! Toka hapo!"

"Ndoo tatu tu, mwanangu. Krismasi yenyewe ni kesho."

"Bibi, nitafukuzwa kazi!"

"Basi zima gari, unachoma mafuta ya watu."

Wanawake ambao malundo yao yalikuwa yamekwisha kupakiwa wakachukua nyundo zao wakaja kuketi, mmoja huku, mmoja kule, mpaka tipa likawa limezungukwa. Mke wangu akaketi. Binti zangu wakaketi. Dereva akazima injini, akashuka, akajiegemeza mlangoni akitikisa kichwa.

Na hapa ndipo shemeji yangu huruka akisimulia. Alikuwa ameketi juu ya ukuta wangu anarekodi. Nilimwona anaitia simu mfukoni, anashuka. Nyundo zilikuwa zimekwisha. Akaokota jiwe moja, akaligonga kwa jingine, akiwa na suruali yake nyeupe ya sikukuu, na hakuacha mpaka utingo alipoweka kiganja tena kwenye mwamba akasema, "Limegusa."

Saa sita mwanamke yule alipita getini kwetu akienda kupanda meli. Alikuwa amevaa kitenge kilichonyooshwa, kuku kwapani, kikapu kichwani. Hakushukuru, nami sikungoja.

"Zako zilikuwa kubwakubwa, fundi," akasema. "Nimezifukia chini kabisa."

Mama yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Walitazamana.

"Nenda," mama akamwambia. "Meli haikungoji. Mwambie binti namsalimia."

Krismasi tulikula pilau kwa shida, vijiko vinateleza kwenye malengelenge. Mchele wa ule mfuko uliokataliwa tuliupika humohumo kwenye pilau. Mgeni mmoja aliuliza mikono yetu imefanya nini, na kabla sijafungua mdomo mama yangu akamjibu mwenyewe, kwa sauti, tangu mwanzo, pamoja na zile ndoo tisa. Sikumkataza. Nilimwongezea soda.

Bado najisifu. Diploma ni yangu na mapaa yale nilipanda mimi. Ila kwenye vikao vya harusi sasa naanza na homa ya matumbo ya mama yangu, na asiyetaka kusikia habari za kokoto ahamie meza nyingine. Nyundo hazijatupwa, zimepangwa karibu na mlango, na Desemba hii nimeongeza moja. Ni ya shemeji. Acha acheke.