Ukurasa wa Mwananchi wa Kawaida

Ilianza Alhamisi ya pili ya likizo ya Agosti, saa nne na robo asubuhi. Mama aliweka karatasi moja kando ya kikombe changu cha chai akasema, "Soma hii uone kama inaeleweka. Haraka tafadhali."

Mama ni muuguzi. Kwa miezi mitatu alikuwa akiomba pesa za utafiti za serikali, zile wanazopewa watu wa hospitali wanaotaka kuchunguza jinsi ya kupunguza makosa wodini. Bajeti ilikuwa tayari, barua ya hospitali pia. Ulibaki ukurasa mmoja wa kumweleza mwananchi wa kawaida utafiti ni wa nini, na sahihi ya mtu mmoja aliyewahi kulazwa kuonyesha ameuelewa. Mwisho wa kutuma ulikuwa siku hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni. Mwaka uliotangulia walimnyima kwa sababu maelezo yake hayakueleweka, na alilia chooni akidhani hatumsikii.

Nikasoma. "Uimarishaji wa mchakato wa utambuzi wa mgonjwa kabla ya utoaji wa dawa." Nikarudia mara tatu. Wapi!

"Umeelewa?"

"Eeh, Mama. Iko sawa."

Mimi niko hivyo. Hata darasani, mwalimu akiuliza kama tumeelewa, huwa wa kwanza kuitikia kwa kichwa.

Tukaenda kwa jirani yetu muuza mboga, mwenye kibanda mwisho wa barabara yetu hapa mtaani Free Area. Yeye ndiye aliyemfanya Mama aanze mambo haya. Wakati mmoja alilazwa, na muuguzi mwingine akasimama kando ya kitanda chake akamtajia jina la mgonjwa wa kitanda cha pili: "Ni wewe, si ndio?" Jirani akaitikia eeh. Akameza vidonge vya kisukari, na yeye hana kisukari. Alitetemeka mpaka wakamnywesha chai yenye sukari tele. Alipoulizwa kwa nini aliitikia jina la mtu mwingine, alisema, "Sasa ningemkatalia aje mtu amevaa yunifomu?"

Mama alimsomea ukurasa wote kwa sauti ya kanisani. Jirani alikuwa akichambua mboga za managu, akiitikia kila sentensi.

"Umeelewa, jirani?"

"Kabisa! Lete kalamu."

Akapangusa mikono kwenye aproni, akaweka sahihi, kisha akauliza, "Na hiyo dawa mpya nitaanza kuimeza lini?"

"Si dawa. Ni utafiti."

"Eeh, hiyo hiyo."

Mama akaangalia saa, akaikunja karatasi. "Sahihi tunayo. Twende tukatume."

Niliongea nikiangalia viatu vyangu. "Mama, hata mimi sikuelewa."

"Si umeniambia iko sawa?"

"Umeniuliza kama nimeelewa. Ningesema nini? Kila siku jikoni unasema muuguzi asimtajie mgonjwa jina, amwache ajitaje mwenyewe. Na wewe unatuuliza vile vile wauguzi hao wanavyouliza."

Jirani akapiga makofi. "Ai! Sista, leo umepatikana! Na huyu mtoto kumbe huongea?"

Mama akanipa kalamu. "Haya, mkubwa wangu. Andika wewe."

Nilikaa juu ya kreti ya nyanya nikaandika nyuma ya karatasi: Tunataka kujua kama watu wachache zaidi watapewa dawa zisizo zao, muuguzi akimwomba mgonjwa ataje jina lake, badala ya kumtajia na kungoja aseme ndiyo.

"Weka pia kwamba mtu akiwa mgonjwa huwa anaogopa," jirani akasema. Nikaweka.

Mama akamsomea, lakini safari hii hakumuuliza kama ameelewa. Alisema, "Niambie umesikia nini."

"Mnataka muulize jina, nijitaje mwenyewe. Likikosa kufanana na la kwenye karatasi yenu, mrudi na vidonge vyenu. Na nisione haya."

Akaweka sahihi ya pili, kubwa kuliko ya kwanza.

Kwa cyber kulikuwa na foleni ya kuskani, na mtandao ukapotea mara mbili, kila mara kwa saa nzima na zaidi. Mama alikuwa amenishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Saa kumi na moja kasoro dakika nane, maandishi ya kijani yakatokea: ombi limepokelewa. Akaniachilia, akawanunulia watu wote wa foleni mandazi, hata wale waliokuwa wakilalamika tunachelewesha.

Majibu tutangoja miezi. Lakini wakisema hapana, haitakuwa kwa sababu ya ukurasa ule.

Asubuhi iliyofuata nilitumwa sukuma wiki. Jirani alianza kukata majani mapana kama ya kulisha ng'ombe, akaniuliza, "Hivi ni sawa, eh?" Nikamwambia hapana, akate nyembamba. Akacheka, akaanza upya.